Sura ya Tano: Machicha Ambayo Hayakuwepo

"Weka mkono hapo juu," alisema Mzee Nereo Vascotto. "Moto au baridi?"

Inspekta Nunzia Capuozzo aliweka kiganja juu ya mashine ya kahawa, pale panapopashiwa vikombe. "Baridi. Baridi kuliko mkono wa mkuu wangu wa kituo, na yule hata Agosti humpi mkono bila glavu."

Mzee hakucheka. Kesho asubuhi jopo la madaktari lingemkalisha kitini kumpima akili, na likiona zimemruka, angehamishiwa nyumba ya wazee kule juu Opicina na mlango huu ungefungwa. Aliyeliita jopo ni mwanawe wa pekee, Tullio. Hoja ya Tullio ilikuwa moja tu: baba anadai kuna mtu anaingia nyumbani mwake akiwa hayupo, haibi kitu, anakunywa kahawa na kwenda zake. Baba alishakwenda polisi na madai hayo mara kadhaa, na mara zote polisi walimpa kiti, wakamsikiliza, wakamcheka alipotoka. Mwisho jalada likaangukia mezani kwa Nunzia. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na siku hizi kesi zote za kuchekesha zilitupwa kwake.

"Waandikie madaktari kwamba hakuna mtu," mkuu alimwambia. "Wapate cha kushika."

"Na nikimkuta mtu?"

"Mnywe naye kahawa."

Basi hapo ndipo alipokuwa, jikoni kwa mzee, ghorofa ya nne, mtaa wa San Giacomo mjini Trieste, dirisha likitazama paa za nyumba na kipande cha bahari chenye ukubwa wa leso.

Mzee akabonyeza kitufe. Mashine ikakohoa, ikatema maji ya moto kwa midomo yake miwili kujisukutua, kisha ikawasha taa ya kijani. Akabonyeza tena. Kinu ndani kikasaga buni kwa kelele ya kokoto kwenye ndoo ya bati, na kahawa ikaanza kushuka kama nyuzi mbili nyembamba.

"Hiki chako. Weka sukari, usione haya. Najua kwenu Napoli kahawa mnaifanya uji."

"Kwetu kahawa inamfufua marehemu, mzee wangu. Hii yenu inamsindikiza tu." Lakini alipoonja aliacha utani. Ilikuwa kahawa ya mtu aliyeijua kahawa. Nereo alikuwa mwonjaji bandarini kwa miaka yote ya kazi yake. Magunia ya Santos, ya Mombasa, ya Moshi, yote yalipita mbele ya kijiko chake kabla ya kuruhusiwa kupanda treni. Nunzia akajikuta amelikumbuka birika la bibi yake kule Napoli, lile la kupindua kichwa chini, na kofia ya karatasi ambayo bibi aliivisha mdomo wa birika ili harufu isitoroke. Birika lilikwishauzwa na jirani kama chuma chakavu. Kofia zile za karatasi, hakuna tena aliyejua kuzikunja.

"Sasa tazama," alisema mzee, akajitengenezea cha kwake, kisha akachomoa droo ya chini. Ndani vidonge viwili vya machicha ya kahawa, vya mviringo, vikavu, vinatoa mvuke. "Kila siku naviacha hapa, nakwenda kuogelea. Nikirudi mchana droo nyeupe. Imeoshwa! Halafu siku moja inafika taa nyekundu inawaka, mashine inadai nimwage machicha, navuta droo, machicha hayamo. Unaelewa hapo?"

"Sielewi kitu."

"Wewe una moka nyumbani, kale kabirika ka kuweka motoni."

"Kila mtu mwenye akili ana moka nyumbani."

Akamvutia kiti. Ilionekana somo hili ameshalitoa kwa polisi wengine na hakuna aliyelifika mwisho. "Mashine hii ni kipofu. Haioni droo imejaa au tupu. Inahesabu tu: kikombe, kikombe, kikombe. Ukichomoa droo ikiwa imewashwa, inajua imemwagwa, inaanza hesabu upya. Ukiichomoa imezimwa, haijui. Inaendelea pale pale ilipoishia. Mimi namwaga ikiwa imewashwa, tangu siku ya kwanza. Sasa nani anamwaga ikiwa imezimwa?"

"Mwanao anasema ni wewe mwenyewe, halafu unasahau."

"Najua anavyosema."

Nunzia akaweka kikombe chini. Alifungua kimlango cha ubavuni mwa mashine bila kuomba ruhusa, akabana vishikizo viwili, akavuta moyo wenyewe wa mashine, ile sehemu inayokandamiza kahawa. Akauzungusha kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna ukungu. Hakuna tope jeusi kwenye kichujio. Mafuta kidogo ya kulainisha, mahali pake. Akainua tangi la maji: hakuna ukoko wa chokaa, na maji ya Trieste yanayotoka milimani yana chokaa ya kutosha kupaka nyumba. Akachungulia chombo cha buni: buni kavu, za hudhurungi, si zile nyeusi zinazong'aa mafuta na kugandisha kinu. Zilikuwa chache, za kutosha siku moja.

Alikuwa ameingia nyumba nyingi za wazee walioanza kupotea. Huko alikuta dawa za mwaka juzi, maziwa yaliyogeuka jibini, na kama palikuwa na mashine ya namna hii, moyo wake ulikuwa umeota manyoya. Mtu akipotea, kinachotangulia kupotea ni zile kazi ndogo ambazo hakuna anayezikagua.

"Nani alikufundisha kuutoa?"

"Ondina." Hilo ndilo jina la marehemu mkewe. "Mikono yake ilishindwa. Baridi yabisi. Moka hakuweza tena kuikaza wala kuifungua, na kuniita mimi nimfungulie hakutaka, unajua wanawake wa hapa. Tukaenda dukani. Kijana wa duka anatuonyesha moja ina kioo kama simu, ina kikombe cha maziwa ubavuni, inakusalimia kwa jina. Ondina anamwuliza, moyo wake unatoka? Kijana anasema hautoki, unatia kidonge cha sabuni inajisafisha yenyewe ndani kwa ndani, na ukizidi uchafu unamwita fundi. Akamwambia, mwanangu, kitu nisichoweza kukiosha kwa mkono wangu mwenyewe hakilali nyumbani kwangu. Tukachukua hii. Mbaya wa sura, kelele kama trekta. Lakini moyo unatoka. Kila Jumamosi anautoa, anausuuza chini ya bomba bila sabuni, anauweka dirishani ukauke. Sasa nautoa mimi."

Alikuwa akikitazama kiti cha karibu na dirisha. Hakuna aliyekikalia, Nunzia alipoingia alielekezwa kingine.

Simu ya ukutani ikalia.

"Ndiyo, Tullio... Ndiyo, nimekunywa... Nakwenda, kwa nini nisiende? Bahari bado ya moto." Akakata. "Huyo. Kila asubuhi, baba unakwenda kuogelea leo? Mtoto ananijali, sisemi hanijali."

"Umewahi kubaki nyumbani umvizie huyo mgeni wako?"

"Wiki nzima. Hakuja."

"Na kitasa?"

"Nilikibadilisha mwezi uliopita."

"Funguo ngapi?"

"Wangu. Wa Zora wa chini. Wa Tullio."

"Mzee wangu, unabadilisha kitasa kwa kuogopa mtu, halafu unagawa funguo?"

"Nikianguka bafuni atanifungulia nani, wewe kutoka Napoli?"

Nunzia akacheka mpaka akashika meza. Kisha akairudisha droo pamoja na vidonge vyake viwili vya machicha, akaizima mashine mwenyewe, akaisubiri imalize kujisukutua, akamwaga maji ya trei ya chini na kuipangusa ikauka kabisa. "Chukua taulo, na ufunguo wako nipe mimi. Leo tunakwenda wote kuogelea."

*

Pale ufukweni kwao, tangu zama za mababu, kuna ukuta. Wanaume upande huu, wanawake na watoto upande ule, ukuta mweupe umesimama katikati ya kokoto mpaka ndani ya maji. Wageni huucheka. Wenyewe walishaulizwa kama ubomolewe, na waliopiga kelele za kuutetea zaidi ni wanawake.

Kwa hiyo Nunzia hakuweza kukaa na mtuhumiwa wake. Alimwambia: "Ukiwa huko upige kelele. Nataka nikusikie asubuhi nzima. Ukinyamaza nitajua umetoroka umerudi kumwaga machicha."

"Kunyamaza?" alisema Nereo. "Na hawa wezi wa karata?"

Upande wa wanawake alimkuta Bibi Zora Pertot ameshatandika mkeka, nguo ya kuogelea ya buluu, mabega yamekaangwa na jua la majira yote. Yeye ndiye jirani wa ghorofa ya tatu, ndiye mwenye ufunguo wa pili. Kwa hesabu za Nunzia alikuwa wa kwanza kushukiwa: yuko karibu, ufunguo anao, mjane, na mzee wa juu anajua kupika kahawa.

"Polisi ndani ya nguo ya kuogelea," alisema Zora. "Ama kweli serikali imeishiwa."

"Sogea, mama. Nina swali. Wewe huwa unapanda kwa Nereo kunywa kahawa akiwa hayupo?"

"Kahawa? Daktari kaniachisha tangu Pasaka ya mwaka juzi. Nikinywa nusu kikombe moyo unapiga kama ngoma ya kanivali. Harufu yake nasikia kwenye ngazi, nalia, naingia ndani kunywa majani ya chamomile kama mbuzi."

"Na ufunguo?"

"Uko kwenye bakuli la vitunguu. Hajautumia mtu."

Kutoka ng'ambo ya ukuta ikaruka sauti ya Nereo: "Wewe ulicheza jembe! Jembe hilo ulilitoa wapi, chini ya makalio?" Wanaume wakaangua kicheko. Nunzia akatikisa kichwa. Mtuhumiwa yupo.

"Bibi Zora, dari yako ndiyo sakafu yake. Hujasikia kitu siku ambazo huji kuogelea?"

Zora akaanza kupaka mafuta kwenye goti ambalo lilikwishapakwa.

"Mama."

"Nasikia kiti."

"Kiti gani?"

"Kile cha dirishani. Kinavutwa. Sauti yake naijua, mguu mmoja umelegea, unakwaruza. Ondina alikuwa akikivuta kila siku baada ya kupeleka watu makazini na shuleni. Anakaa, anakunywa, anatazama bahari. Mimi chini navuta changu. Miaka na miaka, yeye juu, mimi chini, hatuonani, tunakunywa pamoja." Akafunga kopo la mafuta. "Alipokufa kikanyamaza. Halafu mwezi wa nne kikaanza tena."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Niseme nasikia kiti cha marehemu? Si wangenipeleka Opicina pamoja na Nereo, tukae chumba kimoja?" Akapunguza sauti. "Halafu, binti, nilikuwa nimefurahi. Nilisema, huyo amerudi kunipa kampani. Sikutaka mtu aje aniambie siyo yeye."

Nunzia aliutazama ukuta, na mzee nyuma yake alikuwa anamtukana mtu nasaba yote kwa sababu ya karata moja.

Mwezi wa nne. Kiti cha Ondina. Mtu ambaye hana haja ya kuvunja kitasa kipya. Mtu anayejua siku ambazo mzee habaki nyumbani, kwa sababu anamwuliza kila asubuhi. Na mtu anayemwaga machicha mashine ikiwa imezimwa. Hili la mwisho lilikuwa limemkwama tangu jikoni kama mwiba wa samaki, na sasa likashuka. Nani anayezima kwanza, akasubiri ipoe, ndipo afungue, amwage, asuuze kwa maji matupu? Mtu wa moka. Moka huigusi ikiwa motoni. Ukiifungua kabla haijapoa inakuunguza vidole. Mtoto wa hapa anafunzwa hivyo kabla hajafunzwa kufunga kamba za viatu: zima, acha ipoe, mwaga, suuza, usitie sabuni. Mikono iliyofunzwa hivyo ikipewa mashine mpya itaifanyia yale yale. Nereo alifundishwa mashine hii na mkewe. Huyu mwingine alifundishwa moka, na bila shaka na mwanamke huyo huyo.

Akaanza kuvaa gauni juu ya nguo iliyolowa.

"Mbona unaondoka? Hata maji hujayagusa!"

"Mama, nifanyie kazi ya serikali. Mpigie Nereo kelele kila baada ya muda kidogo. Akikujibu, mshike hapo hapo. Usimwache apande mpaka akasirike mwenyewe."

"Hiyo," alisema Zora, "naweza kuifanya bure." Akageukia ukuta. "Nereo! Wanasema unaiba karata!"

*

Alipanda ngazi zote nne amevua viatu. Alifungua kwa ufunguo wa mzee, polepole.

Jikoni hapakuwa na mtu. Akaweka kiganja juu ya mashine: moto. Akachomoa droo: nyeupe, tupu, ina matone ya maji kwenye pembe. Trei ya chini, ambayo aliiacha kavu kabisa, ilikuwa na kidimbwi; mashine ilikuwa imejisukutua mara mbili, kuwashwa na kuzimwa. Kikombe kimeoshwa, kimefutwa, kimerudishwa kabatini. Aliyefanya kazi hii alifanya yote sawasawa isipokuwa jambo moja: angetoa kidonge kimoja tu, cha kwake, akaacha viwili vya mzee, hakuna mtu duniani ambaye angemgundua.

Kiti cha dirishani kilikuwa kimevutwa. Kwenye mgongo wake imening'inia tai ya kijivu, imenyooshwa kwa uangalifu ili isijikunje. Nereo hakuwa na tai. Mwenyewe alisema ya mwisho aliivaa kumzika mkewe, akaitupa.

Nunzia akawasha mashine. Ikakohoa, ikatema maji. Akabonyeza, kinu kikasaga, harufu ikaenea nyumba nzima mpaka chumbani.

"Tullio!" aliita, kwa sauti ile ambayo mama wa Napoli huitumia kuita watoto watano kwa mpigo. "Toka huko, mwanangu, utalowana jasho. Nimekutengenezea kingine. Sijui unaweka sukari?"

Mlango wa chumba cha kulala ukafunguka, akatoka mwanamume mwenye umri wa kuwa na watoto wa sekondari, shati jeupe, viatu mkononi.

"Nimepita tu kuangalia bomba," alisema.

"Bomba gani?"

"La... la bafuni."

"Umevua tai kwa ajili ya bomba. Kaa, Tullio. Si hapo, hapo ni pa mama. Au kaa tu, ushapazoea."

Hakukaa. Aliweka viatu chini, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Leo ni Jumatano," alisema Nunzia. "Kazini hawakuhitaji?"

"Nina ruhusa."

"Tangu mwezi wa nne?"

Hapo uso ukamwanguka. Haukuanguka wote mara moja. Kwanza kidevu, kisha macho. Akakaa.

"Nani kakwambia?"

"Kiti. Endelea."

"Walifunga ofisi. Meli sasa zinapangiwa mizigo na watu wanaokaa Rotterdam. Walitukusanya asubuhi, saa ya mapumziko tulikuwa tayari mtaani na maboksi. Nikasema sitamwambia Federica leo, nitamwambia nikipata nyingine." Federica ndiye mkewe. "Kesho yake nikavaa tai nikatoka. Nitakwenda wapi? Baa? Inspekta, wewe unaujua mji huu. Mtu mwenye kazi anakunywa kahawa amesimama, anafuta mdomo, anaondoka. Ukikaa asubuhi mbili mfululizo, siku ya tatu mwenye baa anakuuliza kwa upole familia haijambo. Siku ya nne anajua mkeo."

"Kwa hiyo ukaja hapa."

"Hapa baba hayupo asubuhi. Hapa pana..." Akaonyesha kwa kidevu: dirisha, paa, kile kileso cha bahari. "Nilipokuwa mdogo nikiumwa siendi shule, mama alikuwa ananikalisha hapa magotini pake. Ananipa kijiko cha kahawa yake. Baba akijua wanagombana. Ni saa moja tu kwa siku, Inspekta. Nakaa, nakunywa, naandika barua za kuomba kazi. Halafu nazunguka mjini mpaka jioni."

"Na machicha? Kwa nini usitoe yako ukaacha ya mzee?"

Tullio alimwangalia kama ameulizwa kwa nini anavua kofia kanisani. "Niache jiko la mama lina machicha?"

Nunzia aliinywa ile kahawa mwenyewe, maana hakuna aliyeigusa. Haikuwa na sukari. Baba yake mwenyewe, mpakuzi wa mizigo bandari ya Napoli, aliwahi kufukuzwa kazi akaendelea kutoka kila alfajiri na chakula chake kwenye kitambaa. Walikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akikaa kwenye benchi la nyuma la kanisa, na padri alikuwa akimletea maji. Ndiyo maana ile tai kwenye kiti aliitambua kabla ya kuitafakari.

Lakini kazi ni kazi.

"Sawa. Hapo nimekuelewa, na ungeishia hapo ningekununulia keki. Sasa niambie la jopo."

Tullio aligeukia dirisha.

"Baba yako alikwambia kuna mtu anaingia. Ulijua yupo. Ulimjua kwa jina. Ukawaambia madaktari baba anaota."

"Nilidhani akizidi kwenda polisi mtakuja kuvizia, mtanikamata ngazini, Federica atasikia kwa majirani. Nikasema, kama wakimwona amechoka kidogo tu... Na kule Opicina pazuri, kuna bustani, kuna watu wa rika lake..."

"Na nyumba hii?"

Alifunika uso. "Ingeuzwa," alisema ndani ya viganja. "Nisingelazimika kumwambia mtu mpaka nipate kazi. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Kila asubuhi nilimpigia, nikijiambia ni kwa ajili yake."

"Nambari ya jopo unayo?"

"Ninayo."

"Piga."

"Nitawapigia jioni, kwanza nizungumze..."

"Piga sasa, au niwapigie mimi niwaeleze kwa lugha ya Kinapoli."

Alikuwa ametoa simu mfukoni wakati ufunguo wa Zora, unaonuka vitunguu, ulipozunguka mlangoni. Nereo aliingia na taulo shingoni, nywele zimesimama kwa chumvi, hasira imempanda mpaka masikioni.

"Yule mwanamke ameniita mwizi mbele ya ufukwe mzima! Mara tano! Nimempandisha mpaka kwake anipe ufunguo, nije nimshtaki kwa polisi..." Akaona. Mashine inawaka. Droo iko mezani, imelowa. Mwanawe yuko kwenye kiti cha mkewe, na tai.

Hakuna aliyemsaidia. Nunzia aliazimia kutosema kitu, na lilikuwa jambo gumu kwake kuliko ngazi nne.

Tullio akabonyeza simu, akaiweka sikioni, bila kuondoa macho kwa baba yake. "Habari za asubuhi. Naitwa Tullio Vascotto, nahusika na miadi ya kesho ya baba yangu... Hapana, haahirishwi. Inafutwa. Baba yangu ni mzima. Mtu anayeingia nyumbani kwake yupo. Ni mimi... Ndiyo. Nilidanganya... Ndiyo, naweza kuja kuandika hivyo."

Akaiweka simu chini, kisha akasema yaliyobaki: ofisi, mwezi wa nne, Federica. Aliyasema vibaya, ya mwisho yakitangulia.

Mzee Nereo alivuta taulo shingoni, akalikunja mara mbili, akalitundika. Nunzia alishaona baba wengi katika nafasi hiyo, wengine wakipiga, wengine wakilia. Huyu alikwenda kwenye mashine, akairudisha droo mahali pake, akasikiliza mpaka iliposema "klak".

"Nililala macho wazi miezi mitatu," alisema, bado amewapa mgongo. "Naweka alama kwenye vitu. Najiuliza usiku, Nereo, mlango umefunga? Umefunga. Una hakika? Sina. Nilikuwa nimeanza kuwaamini nyinyi, unajua? Wiki hii nilikuwa nimeanza kukuamini wewe."

"Baba..."

"Nyamaza, sijamaliza, ila nitamalizia njiani. Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa mkeo. Anatoka kazini muda gani, si mchana? Utamwambia. Na mimi nitakuwa nimekaa pale."

"Hilo ni shauri langu, nitamwambia mwenyewe."

"Umekuwa ukimwambia mwenyewe tangu mwezi wa nne." Nereo akachukua tai kutoka kwenye kiti. Aliitazama, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati la mwanawe na kuupapasa mfuko ukae sawa, kama anayemwandaa mtoto siku ya kupigwa picha. "Leo huihitaji. Twende. Nina njaa, na Federica akianza kulia hatutakula mpaka usiku."

Walitoka. Ngazini Nunzia aliwasikia wakianza kugombana kuhusu basi, mzee anataka kutembea, kijana anasema goti lako, mzee anasema goti langu halijaitiwa madaktari. Kisha nyayo zikasimama, zikapanda vidato viwili vitatu, na kichwa cha Nereo, bado kina chumvi, kikachomoza mlangoni.

"Inspekta, ukimaliza kahawa yako uufunge mlango vizuri," alisema. "Mtaa huu siku hizi watu wanaingia."